Papa wa Feri na Kopo la Unga

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo waliotembelea Kivukoni, Dar es Salaam)



Kwa wengi wenu leo ni mara ya kwanza kuliona Soko la Samaki la Feri hapa Kivukoni, na tumeona mlivyoshangaa. Pantoni inakwenda Kigamboni na kurudi, watu wanashuka kama siafu, wanadi wa samaki wanapiga kelele, na harufu ndiyo hiyo mnayoisikia. Basi tukae hapa kivulini tuzungumze, kabla hatujakwenda kumwona mwenzetu hospitali.

Mazungumzo yetu ni juu ya ugonjwa wa saratani, ambao wengi wetu tunauita kansa. Lakini hatutaanza na ugonjwa. Tutaanza na papa.

Asubuhi mmemwona yule papa aliyelazwa juu ya meza ya saruji. Kijana akaja na kisu, akamkata vipande vipande, na kisu kikapita kama kinakata muhogo mbichi. Mzee wetu mmoja akauliza swali zuri sana. Akasema, "Mbona huyu hana mifupa?" Wengine mkacheka. Msicheke. Mzee ameona kweli. Papa hana mfupa hata mmoja. Changu ana mifupa, kolekole ana mifupa, hata dagaa ana mifupa yake midogo. Papa na ndugu yake taa hawana. Mwili wao wote umeshikiliwa na gegedu, tangu kichwani mpaka mkiani.

Gegedu ni nini? Kila mtu ashike sikio lake. Likunjeni. Mnaona? Linakunjika, halafu linarudi. Hilo ndilo gegedu. Sasa shikeni ncha ya pua. Hilo pia ni gegedu. Na mkila kidari cha mbuzi, kile cheupe cha mwishoni mwa mbavu, ambacho watoto hugombania kukitafuna, ni gegedu vilevile.

Gegedu lina ajabu moja. Ukikata nyama, damu inatoka. Ukikata mfupa ulio hai, damu inatoka. Ukikata gegedu lenyewe, damu haitoki, kwa sababu ndani yake hamna mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwa kunyonya polepole kutoka pembeni, kama kitambaa kinavyonyonya maji. Neno hili mlishike, maana tutalirudia. Gegedu halina mishipa ya damu.

Sasa tuje kwenye kopo.

Mwaka jana mwanakisomo mwenzetu mmoja, ambaye leo tunakwenda kumwona, aliona uvimbe kwenye titi lake la kushoto. Ulikuwa mdogo kama punje ya kunde, na haukuuma. Tumemwomba ruhusa kueleza habari hizi, naye amekubali, ila jina lake tuliache. Shemeji yake alikuwa na safari ya mjini. Akarudi na kopo la unga mweupe, juu yake pamechorwa picha ya papa. Aliyemwuzia alimwambia kwamba papa haugui saratani maisha yake yote, kwa hiyo mtu akila unga wa gegedu la papa, saratani itamkimbia. Bei ya kopo lile ilikuwa sawa na mbuzi wawili. Na mbuzi wawili wakauzwa kweli.

Mama yule anajua kusoma. Alipata cheti chake cha kisomo mbele yenu. Lakini kopo liliandikwa kwa Kiingereza. Basi akalileta kwetu ofisini, akasema, "Mwalimu, nisomee." Tukamsomea. Lakini tulisoma maneno makubwa tu ya mbele, jina la unga na idadi ya vijiko kwa siku. Nyuma ya kopo palikuwa na maneno madogo sana, kama mayai ya chawa. Hayo hatukuyasoma. Tulikuwa na haraka, kulikuwa na kikao.

Kwa miezi 7 alikula unga ule, vijiko asubuhi na jioni. Uvimbe haukumjali papa wala kijiko. Ulipofika ukubwa wa limau, na mwingine mdogo ukajitokeza kwapani, ndipo akaenda hospitali.

Tunaona baadhi yenu mnatikisa vichwa kwa shemeji. Shemeji alimpenda, ndiyo maana alitoa mbuzi. Na jambo gumu ni hili: maneno aliyoambiwa shemeji yule si uongo mtupu. Ndani yake mna kipande cha ukweli. Ingekuwa uongo mtupu, tungelisema mara moja na kwenda zetu kununua samaki. Kwa kuwa mna ukweli uliochanganywa, inabidi tuuchambue, kama mama anavyochambua mchele.

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe hizi huzaliana kwa utaratibu. Ukijikata kidole, huzaliana mpaka kidonda kijae, halafu huacha. Saratani ni chembe zilizoacha kusikia amri ya kuacha. Zinazaliana tu, zinafanya uvimbe, zinaingia kwenye nyama ya jirani, na nyingine zinasafiri kwenda mbali mwilini. Saratani haiambukizwi kwa kula pamoja na mgonjwa au kumwosha. Wala haitokani na kurogwa.

Huko Marekani, katika mji wa Boston, alikuwako daktari mpasuaji wa watoto aliyeitwa Judah Folkman. Daktari huyu alikuwa ameona jambo katika maabara. Uvimbe wa saratani uliowekwa mahali pasipoweza kuota mishipa ya damu ulibaki mdogo kama kichwa cha pini. Haukufa, lakini haukukua. Mwaka 1971 akaandika maoni yake: kwamba uvimbe hauwezi kuzidi milimita chache mpaka upate mishipa yake ya damu, na kwamba uvimbe wenyewe ndio unaoiita mishipa hiyo.

Wakulima wenzetu, tufikirie hivi. Gugu limeota pembeni ya shamba, mbali na maji. Likibaki bila maji litadumaa. Lakini hili ni gugu lenye hila. Linachimba mfereji wake lenyewe kutoka kwenye mfereji wako wa mpunga, linajiletea maji, na sasa linanenepa wakati mpunga unakauka. Folkman akasema: badala ya kukata gugu tu, kwa nini tusiuzibe mfereji?

Watu wengi walimcheka. Wenzake madaktari walisema ni mawazo ya mpasuaji asiyejua mambo ya maabara. Hakuacha.

Sasa mnaona kwa nini aliligeukia gegedu? Saratani huingia kwenye mifupa, kwenye ini, kwenye mapafu, lakini katika gegedu huingia kwa nadra. Na gegedu halina mishipa ya damu. Folkman na wenzake wakajiuliza: je, gegedu limekosa mishipa kwa bahati tu, au ndani yake mna kitu kinachoikataza isipite? Mwaka 1975 waliweka kipande cha gegedu katika jicho la sungura, karibu na kipande cha uvimbe. Mishipa iliyokuwa ikiota kuufuata uvimbe ikapungua mwendo. Mwenzake kijana, Robert Langer, alikuwa akienda kuchukua mifupa ya ng'ombe machinjioni, anakwangua gegedu, analichuja kwa dawa mbalimbali, akitafuta hicho kitu. Ng'ombe mzima hutoa gegedu kidogo tu. Basi mwaka 1983 Langer na mwenzake mwanamke, Anne Lee, wakamtumia papa, maana papa ana gegedu mwili mzima. Wakakuta kweli, ndani ya gegedu la papa mna vitu vinavyozuia mishipa mipya isiote kuelekea kwenye uvimbe.

Huu ndio ukweli tuliousema. Lakini angalieni vizuri walichofanya. Walilichuja gegedu, wakatoa kitu kidogo sana kilichomo ndani, wakakiweka palepale karibu na uvimbe, katika jicho la sungura. Hawakumpa mtu unga ale.

Mwaka 1992 mtu mmoja huko Marekani akatoa kitabu kilichosema kwamba papa hawapati saratani. Televisheni ikamwonyesha mwaka 1993. Viwanda vikaanza kusaga gegedu la papa, na watu wakanunua kwa wingi. Wagonjwa wakaacha matibabu, wakala unga. Kopo la shemeji yetu ni mjukuu wa kitabu kile.

Tuulize maswali mawili.

Swali la kwanza: je, ni kweli papa hapati saratani? Si kweli. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walichapisha hesabu ya uvimbe 42 uliopatikana katika papa, taa na jamaa zao, na baadhi ulikuwa saratani kamili. Mwingine ulikuwa ndani ya gegedu lenyewe. Tena papa wa baharini hapimwi na daktari. Papa akiugua huliwa na mwenzake, habari inaishia hapo.

Swali la pili ndilo kubwa zaidi. Hata kama gegedu lina kitu kizuri, je, ukila kinafika kwenye uvimbe? Hapa ndugu zangu tutumie akili tuliyonayo. Sisi Waswahili wa pwani tumekula papa tangu enzi za mababu, wabichi na wakavu. Tumekula masikio ya ng'ombe, wala hatujaanza kusikia vizuri zaidi. Tumekula macho ya samaki, na miwani bado tunanunua. Kwa nini? Kwa sababu tumbo ni kinu. Vitu vile vya kwenye gegedu ni aina ya protini, na protini ikiingia tumboni husagwa vipande vidogo kabisa kama protini ya maharage au mayai. Kile kilichokuwa kinazuia mishipa kimekwisha kuwa chakula. Wenye kisukari miongoni mwenu wanalijua jambo hili. Insulini hupigwa kwa sindano, hainywewi kama chai, kwa sababu hiyohiyo: tumbo lingeiharibu.

Hayo ni maelezo. Lakini maelezo peke yake hayatoshi, ni lazima kujaribu. Na wamejaribu. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani walitoa majibu ya wagonjwa 60 wa saratani waliopewa unga wa gegedu la papa. Hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake ulinywea. Baadaye wakajaribu kwa njia kubwa zaidi. Walichukua wagonjwa 379 wenye saratani ya mapafu, Marekani na Kanada. Wote walipewa matibabu ya kawaida ya hospitali. Nusu yao wakaongezewa maji yaliyokamuliwa kutoka gegedu la papa, nusu wakaongezewa kinywaji kinachofanana nayo lakini kisicho na kitu. Mgonjwa mwenyewe hakujua amepewa kipi, wala daktari wake hakujua.

Kwa nini wafiche? Kwa sababu mtu akijua amepewa dawa mpya hujisikia nafuu hata kama hamna kitu, na daktari akijua huanza kuona nafuu isiyokuwapo. Ni kama kupima mbegu mpya ya mahindi. Usiipande mbegu mpya kwenye rutuba na ya zamani kwenye mawe, halafu ukasema mpya imeshinda. Majibu yalichapishwa mwaka 2010. Waliokunywa gegedu waliishi miezi 14 na siku kadhaa kwa wastani wa katikati. Waliokunywa kinywaji kitupu, miezi 15 na nusu. Maana yake hakuna faida yoyote.

Dada mmoja hapa mbele ananyoosha mkono. Anauliza: "Basi yule daktari wa Boston alikosea?"

Hapana, hakukosea. Na hapa ndipo panapotufurahisha sisi. Aliendelea kutafuta, ila sasa hakutafuta ndani ya papa. Alitafuta ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Wapasuaji walikuwa wameona jambo la ajabu kwa miaka mingi. Wakati mwingine wakiondoa uvimbe mkubwa wa mgonjwa, vimbe vidogo vilivyokuwa vimelala mahali pengine vinaamka na kukua haraka. Folkman akawaza: labda ule uvimbe mkubwa ulikuwa ukitoa kitu katika damu kinachowazuia wadogo wasichimbe mifereji. Kama mwenye shamba mkubwa anavyowanyima maji wenzake. Kijana wake Michael O'Reilly akakusanya mkojo wa panya wenye saratani. Ndiyo, mkojo. Siku kwa siku, mwezi kwa mwezi, anakusanya mkojo wa panya na kuuchuja. Mwaka 1994 wakatangaza kuwa wamekipata. Wakakiita angiostatini. Ni kipande cha protini iliyomo ndani ya damu ya kawaida. Mwaka 1997 wakapata kingine, endostatini, kipande cha protini inayosaidia kuushikilia mwili wetu usitawanyike. Panya waliopigwa sindano za endostatini, vimbe vyao vikanywea.

Mwaka 1998 gazeti kubwa la New York likaandika habari hizi ukurasa wa kwanza. Watu waliingiwa na wazimu wa furaha. Wagonjwa wakapiga simu usiku na mchana wakitaka dawa ambayo haijawahi kupewa mtu hata mmoja. Folkman mwenyewe alikuwa mwangalifu. Alisema kwamba kama wewe ni panya na una saratani, tunaweza kukutunza vizuri. Maana yake, mtu si panya. Na kweli, watu walipoanza kupewa endostatini mwaka 1999, haikufanya yale iliyoyafanya kwa panya. Huko China walibadili kidogo jinsi ya kuitengeneza, na tangu mwaka 2005 serikali yao imeiruhusu itumike pamoja na dawa nyingine kwa saratani ya mapafu. Si dawa ya kuponya kila mtu.

Lakini lile wazo la kuziba mfereji limezaa matunda kwa njia nyingine. Wataalamu waliipata ile sauti ambayo uvimbe unaitumia kuita mishipa, wakatengeneza dawa ya kuinyamazisha. Dawa ya kwanza ya namna hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 2004, kwa saratani ya utumbo mkubwa, kwa sindano ya mshipani, pamoja na dawa za kawaida. Inarefusha maisha ya baadhi ya wagonjwa kwa miezi. Folkman alifariki mwaka 2008, wakati huo hakuna tena aliyemcheka. Tangu wazo lake hadi dawa ile ni miaka 33. Mwenye kopo alitaka kutuuzia miaka 33 kwa mbuzi wawili.

Kipo na kitu kingine cha mwilini tusiache kukitaja. Mwaka 1957 huko London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua kwamba chembe ikishambuliwa na virusi hutoa kitu cha kuwaonya jirani zake, kama mlinzi anayepiga mbiu. Wakakiita intaferoni. Baadaye ikaonekana inaweza pia kupunguza mwendo wa saratani fulani. Mtaalamu wa Finland, Kari Cantell, aliitengeneza kutoka kwenye chembe nyeupe za damu iliyotolewa na wananchi wa kwao. Damu nyingi sana, intaferoni kidogo sana. Ilikuwa ghali kupindukia. Watu walidhani ndiyo mwisho wa saratani duniani. Haikuwa hivyo. Lakini mwaka 1986 Marekani iliiruhusu kwa aina moja ya saratani ya damu, na baadaye kwa nyingine chache. Inasaidia baadhi, haisaidii wengine, na inampa mgonjwa homa na maumivu ya mwili kama malaria.

Kwa hiyo mtu akikuambia mwili una vitu vya asili vinavyoweza kupunguza mwendo wa saratani, usimwite mwongo. Vipo. Mwulize tu: vimechujwa vipi? Vinaingizwaje mwilini? Vimejaribiwa kwa watu wangapi, na wale ambao hawakupewa walikuwaje?

Sasa turudi kwenye maneno madogo ya nyuma ya kopo. Baada ya mama kulazwa, tulimwomba shemeji kopo lile, tukakaa nalo mezani na kioo cha kukuzia. Kopo lilitoka Marekani. Huko ipo sheria ya mwaka 1994 inayowalazimisha wenye viwanda vya vitu kama hivi, wakitaka kuvisifia, waandike kwamba maneno yao hayajathibitishwa na serikali, na kwamba kitu hicho hakikusudiwi kupima, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Na ndivyo yalivyosema maneno yale madogo. Hakikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Kopo lenyewe lilikuwa likisema kweli muda wote. Sisi tulioombwa tulisome ndio hatukulisoma.

Tumelisema hili kwa mama mwenyewe. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwalimu, wewe ulikuwa na kikao. Mimi nilikuwa na uoga. Kopo lilikuwa rahisi kuliko kisu." Neno hili tumelibeba. Watu hawanunui unga kwa sababu ni wajinga. Wananunua kwa sababu wanaogopa kukatwa, wanaogopa nauli, wanaogopa kuambiwa jambo ambalo haliwezi kurudishwa.

Basi tuwaeleze hospitali ile ilivyo, maana kitu usichokijua hutisha zaidi. Tutatembea kwa miguu kutoka hapa sokoni, tufuate bahari, tuipite Ikulu, halafu tutaiona. Jengo la zamani lilijengwa na Wajerumani miaka ya 1890. Barabara ya mbele yake wazee waliijua kwa jina la Ocean Road. Tangu mwaka 2013 inaitwa Barabara ya Barack Obama. Mwaka 1996 serikali iliifanya hospitali ile kuwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Tafadhalini msinunue samaki kabla hatujaenda, wodini si mahali pa harufu ya papa.

Mwenzetu alipasuliwa kwanza, na sasa anapigwa mionzi. Mionzi haiumi wakati inapigwa. Mgonjwa hulala kitandani, mashine inalenga pale palipokuwa na uvimbe, na baada ya dakika chache anashuka. Uchungu huja baadaye, ngozi inaungua kidogo na mwili unachoka. Anakwenda siku tano kwa juma. Amefikia kwa binamu yake Kigamboni, na kila asubuhi anavuka kwa pantoni ileile mnayoiona. Je, atapona? Madaktari hawajamwambia hapana, wala hawajamwambia ndiyo. Kama angefika ule uvimbe ukiwa punje ya kunde, wangeweza kumjibu kwa uhakika zaidi.

Si lazima kila mtu aje Dar es Salaam. Wa Kanda ya Ziwa wana Bugando kule Mwanza, wa Kaskazini wana KCMC pale Moshi. Na safari ya kwanza ni zahanati ya kwenu. Uvimbe usioondoka, kidonda kisichopona, damu inayotoka kwa mwanamke nje ya siku zake au baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, chakula kinachokwama kooni, mzee anayekojoa kwa taabu: mambo haya yasisubiri mavuno. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inawaua mama zetu wengi kuliko nyingine zote, kuna kipimo cha siki. Ndiyo, siki. Mhudumu anapaka siki hafifu, sehemu yenye hatari inageuka nyeupe, anaiona kwa macho yake. Na kwa mabinti ipo chanjo, ambayo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Tangu mwaka 2024 ni sindano moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wenye wajukuu wa umri huo mnasikia.

Mzee wetu wa papa ana swali jingine. Anauliza kama amezuiwa sasa kula papa.

Hapana, Mzee. Papa kwa nazi ni mboga nzuri. Ila wavuvi wa hapa watakuambia papa wakubwa wamepungua, hivyo tusiwamalize kwa ajili ya makopo.

Tusimame sasa, maana muda wa kuona wagonjwa unakaribia. Wale waliochukua machungwa wayabebe. Mkifika kwake msimwulize kuhusu mbuzi.

Na tangazo moja la darasa. Jumanne ijayo hatutasoma kitabu. Kila mtu aje na kopo moja, chupa moja au pakiti moja kutoka nyumbani kwake, iwe dawa ya binadamu, ya kuku au ya kupulizia pamba. Tutaanza kusoma upande wa nyuma. Kile kioo cha kukuzia tutakuja nacho.